Jicho la London: Gurudumu lililopewa miaka mitano likadumu

KATIKA vilima vya Karagwe, mkoani Kagera, anayetaka kuona mbali hupanda mlima. Mkazi wa Chonyonyo hahitaji tiketi wala foleni ili kuitazama migomba, mibuni na mabati ya nyumba za ng'ambo ya bonde yakimetameta juani. Miguu na pumzi zake vinamtosha.

London haikujaliwa hivyo. Jiji hilo lenye watu wapatao milioni tisa limeketi katika bonde la Mto Thames, na sehemu kubwa ya katikati yake iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Kwa karne nyingi, walioweza kuliona kutoka juu walikuwa wachache: wenye ofisi katika maghorofa marefu, au wale waliokuwa tayari kupanda ngazi zaidi ya 500 za Kanisa Kuu la St Paul's.

Tangu mwaka 2000 hali hiyo imebadilika. Kwenye ukingo wa kusini wa mto huo, karibu kabisa na maji, limesimama gurudumu la chuma lenye urefu wa mita 135 kutoka ardhini, ambalo humpandisha juu mtoto, mzee, mtalii na mwenyeji kwa zamu sawa, kisha humshusha. Ni Jicho la London, ambalo wenyewe huliita London Eye.

Kwa hesabu za mwinuko, gurudumu hilo halina la kujivunia mbele ya Kagera. Uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Mto Kagera huteremka kutoka pande za Karagwe kuingia ziwani humo. Kwa hiyo mkulima wa kahawa aliye bondeni Karagwe yuko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mara saba kuliko abiria aliyefika kileleni mwa gurudumu la London.

Hata hivyo, watu zaidi ya milioni tatu hulipanda kila mwaka. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba gurudumu hilo halikukusudiwa kudumu. Lilipewa kibali cha miaka mitano tu, na baada ya hapo lilitakiwa kufunguliwa nati na kuondolewa.

Safari ya nusu saa

Mgeni hufika kwenye gurudumu hilo kwa urahisi. Kituo kikubwa cha treni cha Waterloo kiko umbali wa dakika chache kwa miguu, na anayeshukia kituo cha treni za chini ya ardhi cha Westminster huvuka daraja la Westminster na kulikuta upande wa kushoto, mbele ya jengo kubwa la County Hall. Jengo hilo lilikuwa makao ya serikali ya jiji hadi mwaka 1986. Siku hizi lina hoteli na sehemu za maonyesho ya kitalii.

Baada ya tiketi na ukaguzi wa mizigo, abiria husogea hadi kwenye jukwaa lililo juu ya maji. Hapo ndipo wengi hushtuka kidogo, kwani gurudumu halisimami. Hujongea kwa mwendo wa sentimita 26 kwa sekunde, sawa na kilometa 0.9 kwa saa, mwendo ambao mtu mzima huushinda akitembea bila haraka. Abiria huingia huku chumba kikiendelea kusogea. Husimamishwa pale tu panapokuwa na mtu anayehitaji msaada, kama vile mzee au mwenye kiti cha magurudumu.

Vyumba vyenyewe viko 32, vyenye umbo la yai na kuta za kioo pande zote. Idadi hiyo inawakilisha manispaa 32 za London. Namba zake, hata hivyo, huishia 33, kwa sababu namba 13 imerukwa. Waingereza wengi huiona kuwa ya mkosi, na inaonekana wenye gurudumu hawakutaka kubishana na imani hiyo wakiwa angani.

Kila chumba kina uzito wa tani 10 na hubeba watu hadi 25. Vyote vikijaa, watu 800 huwa angani kwa wakati mmoja. Ndani kuna benchi katikati, lakini ni wachache wanaokaa. Wengi husimama wakiwa wameegemea vioo, kamera mikononi, wakihama kutoka upande mmoja hadi mwingine kadiri jiji linavyofunguka chini yao.

Dakika za kwanza hazina makubwa. Yanaonekana maji ya mto yenye rangi ya udongo, boti za watalii na migongo ya mabasi mekundu darajani. Kisha paa za majumba hushuka, barabara hunyooka na kuwa nyuzi, na mto hujionyesha ulivyojipinda kama nyoka katikati ya jiji. Mzunguko mmoja huchukua dakika 30 hivi. Siku ya anga safi, macho hufika umbali wa kilometa 40, hadi Kasri la Windsor upande wa magharibi.

Yanayoonekana na yanayohusu Afrika Mashariki

Msafiri kutoka Afrika Mashariki ana sababu zake za kutazama. Ng'ambo ya mto, karibu kiasi cha kudhani unaweza kurusha jiwe likafika, kuna majengo ya Bunge la Uingereza na mnara wa saa ambao dunia nzima huuita Big Ben. Ndani ya majengo hayo ndimo ilimopitishwa Sheria ya Uhuru wa Tanganyika ya mwaka 1961, iliyofungua njia ya bendera mpya kupandishwa Desemba 9 mwaka huo.

Kwa takriban miaka 40 kabla ya siku hiyo, mambo makubwa ya nchi, yakiwamo yale yaliyowahusu watu wa Karagwe, yaliweza kuamuliwa katika mtaa huo na watu ambao hawakuwahi kuiona Karagwe. Kutoka juu, mtaa wote wa Westminster unaonekana kuwa mdogo, kiasi cha kufunikwa na kiganja.

Akigeuka upande wa kaskazini mashariki, msafiri hutazama eneo la Aldwych, lilipo jengo la Bush House. Jina hilo halihitaji maelezo kwa waliokulia na redio ya mbao au ya betri sebuleni. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza Juni 1957, ilisikika kwa miongo mingi kutoka katika jengo hilo, hadi shirika hilo lilipohama humo mwaka 2012.

Upande wa magharibi, nyuma ya Kasri la Buckingham, kuna miti mingi ya bustani kubwa za jiji. Katika mojawapo, Kensington Gardens, umesimama mnara wa mawe mekundu wa kumkumbuka John Hanning Speke, unaotaja Victoria Nyanza na Mto Nile. Hauonekani kutoka kwenye gurudumu, maana umezungukwa na miti, lakini unafikika kwa miguu au kwa basi baada ya hapo.

Speke ndiye msafiri wa Kiingereza aliyefika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, pamoja na mwenzake James Augustus Grant, na kupokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Alikaa hapo kwa wiki kadhaa kabla ya kuendelea kwenda Buganda mwanzoni mwa mwaka 1862. Grant, aliyekuwa akiumwa mguu, alibaki nyuma chini ya uangalizi wa mwenyeji wao. London ilimwekea Speke mnara. Jina la Rumanyika, aliyemlaza na kumlisha, linafahamika zaidi Karagwe kuliko huko.

Kwa wapenzi wa soka, anga ikiwa safi, tao jeupe la Uwanja wa Wembley huonekana kaskazini magharibi. Upande wa mashariki yako maghorofa ya mabenki, kuba la St Paul's na The Shard, jengo lenye umbo la kigae cha kioo na urefu wa takriban mita 310, zaidi ya mara mbili ya gurudumu lenyewe.

Shindano lisilo na mshindi

Habari ya gurudumu hilo inaanzia mwaka 1993. Gazeti la Sunday Times, kwa kushirikiana na taasisi ya usanifu ya Architecture Foundation, lilitangaza shindano la kubuni alama ya kuikaribisha milenia mpya. Miongoni mwa walioshiriki walikuwa mume na mke, David Marks na Julia Barfield, wasanifu majengo waliokuwa wakifanya kazi pamoja.

Wazo lao lilikuwa gurudumu kubwa kando ya mto, mahali ambapo watu wa kawaida wangeweza kuliona jiji lao. Gurudumu huzunguka kama saa na kama mwaka, kwa hiyo lilifaa kwa shughuli ya kuadhimisha kupita kwa wakati. Waamuzi hawakushawishika. Shindano lilimalizika bila kutangazwa mshindi.

Kwa kawaida, michoro ya namna hiyo huishia kabatini. Wanandoa hao hawakukubali. Waliendelea na wazo lao kwa nguvu zao, wakatafuta eneo, wakazungumza na mamlaka na wakatafuta mwenye fedha. Hatimaye shirika la ndege la British Airways likakubali kuingia ubia nao, na gurudumu likaanza kujulikana kwa jina la shirika hilo.

Kibali cha ujenzi kilitoka kwa Halmashauri ya Lambeth, ambayo ndiyo yenye mamlaka katika eneo hilo, lakini kwa sharti kwamba lingekuwa jengo la muda wa miaka mitano. Ilikuwa namna ya kusema: jengeni tuone. David Marks alifariki dunia mwaka 2017, wakati huo likiwa limekwishasimama kwa zaidi ya miaka 17.

Baiskeli iliyolazwa mtoni

Anayetaka kuelewa gurudumu hilo linavyofanya kazi na aitazame baiskeli. Kuna ringi nje, kitovu katikati, na spoku zinazoviunganisha. Tofauti ni kwamba ringi hii ina kipenyo cha takriban mita 120, na spoku zake ni kamba nene za chuma zilizovutwa zikakazwa. Kama ilivyo kwenye baiskeli, uzito haubebwi na spoku moja. Zote huvutana na kuifanya ringi ibaki kuwa duara.

Tofauti nyingine ni miguu yake. Baiskeli hushika gurudumu kwa pande mbili. Jicho la London limeshikwa upande mmoja tu, na nguzo mbili kubwa zilizoegemea kuelekea mtoni huku zikivutwa nyuma na kamba zilizofungwa ardhini. Ndiyo maana linaonekana kama linaning'inia juu ya maji.

Vyumba vya abiria vimefungwa upande wa nje wa ringi, wala havining'inii ndani kama katika magurudumu ya kizamani. Kwa hiyo abiria akifika kileleni hakuna chuma cha kumziba macho. Ili sakafu isiiname, kila chumba huzungushwa taratibu na mota za umeme. Gurudumu lenyewe husukumwa na matairi ya mpira ya aina inayotumika kwenye malori, yanayobana ringi kwa chini na kuizungusha.

Ingawa linaitwa la London, ni kazi ya mikono mingi ya Ulaya. Kitovu na ekseli yake vilitengenezwa katika Jamhuri ya Czech, ringi Uholanzi, vyumba vya abiria Ufaransa, na kamba za chuma Italia. Vipande vya ringi vililetwa kwa majahazi kupitia Mto Thames, kisha vikaunganishwa gurudumu likiwa limelazwa chali juu ya majukwaa mtoni.

Kazi ngumu ikawa kuliinua. Jaribio la kwanza, Septemba 1999, lilishindikana baada ya kamba mojawapo kuchomoka mahali pake. Wahandisi walirudi kwenye hesabu zao. Mwezi uliofuata waliliinua kwa mwendo wa digrii mbili kwa saa hadi likafika digrii 65, wakaliacha hapo kwa wiki moja, kisha wakalisimamisha kabisa.

Desemba 31, 1999, Waziri Mkuu wa wakati huo, Tony Blair, alilizindua rasmi. Hakuna mwananchi aliyepanda usiku huo. Hitilafu ya klachi katika chumba kimojawapo ilifanya wahusika waahirishe safari, na abiria wa kwanza wa kulipa walipanda Machi 9, 2000. Gurudumu lililojengwa kwa ajili ya kuikaribisha milenia lilichelewa kwa zaidi ya miezi miwili, lakini usalama ulitangulizwa mbele ya sherehe.

Wazee waliotangulia

London haikuwa ya kwanza. Gurudumu la kwanza kubwa la namna hiyo lilijengwa Chicago, Marekani, mwaka 1893, kwa maonyesho makubwa ya dunia. Wamarekani walitaka kitu cha kujibu Mnara wa Eiffel, uliokuwa umewashangaza watu jijini Paris mwaka 1889. Mhandisi George Washington Gale Ferris akawaletea gurudumu lenye urefu wa takriban mita 80, lenye mabehewa 36 ya watu 60 kila moja, na nauli ya senti 50.

Mwisho wa Ferris ulikuwa wa huzuni. Alifariki mwaka 1896 akiwa na umri wa miaka 37 tu, na gurudumu lake likabomolewa kwa baruti mwaka 1906. Jina lake ndilo lililobaki, maana hadi leo magurudumu hayo huitwa kwa jina lake katika nchi nyingi.

London nayo ilikuwa na gurudumu kabla ya hili. Lilijengwa Earls Court mwaka 1895, likiwa na urefu wa takriban mita 94, zaidi ya lile la Chicago. Lilibeba watu wapatao milioni 2.5 kabla ya kubomolewa mwaka 1907. Kwa zaidi ya miaka 90 iliyofuata, jiji hilo halikuwa na gurudumu lingine kubwa.

La Vienna, Austria, lilikuwa na bahati zaidi. Lilijengwa mwaka 1897, na mwaka 1916 kikatolewa kibali cha kulibomoa, lakini fedha za kufanya kazi hiyo zikakosekana. Liliungua mwaka 1944 wakati wa vita, likajengwa upya mwaka 1947 likiwa na nusu ya vyumba vyake, na bado linazunguka.

Historia hiyo ina funzo. Magurudumu makubwa hujengwa kwa ajili ya sherehe, na sherehe zikiisha, wenye fedha huanza kuuliza kwa nini bado yapo.

Kodi ya ardhi ilipotaka kuling'oa

Swali hilo lilifika London pia. Mwaka 2002, Halmashauri ya Lambeth ilikubali gurudumu libaki baada ya ile miaka mitano ya mwanzo kumalizika. Lakini kibali cha kubaki ni jambo moja, na ardhi ya kusimama ni jambo lingine.

Mwaka 2005 ilifahamika kwamba kituo cha sanaa cha South Bank Centre, kinachomiliki sehemu ya ardhi zilipofungwa nguzo za gurudumu hilo, kilikuwa kimetoa notisi ya kulitaka liondoke. Kilichogombewa ni kodi. Iliyokuwa ikilipwa ilikuwa takriban pauni 64,000 kwa mwaka, na iliyotakiwa ikatajwa kuwa pauni milioni moja.

Habari hizo ziliamsha kelele kubwa. Katika muda wa miaka mitano tu, wakazi wa jiji walikuwa wamelizoea kiasi cha kuliona kama mali yao, ingawa wengi wao walikuwa wamelipanda mara moja au hawajalipanda kabisa. Februari 2006 pande hizo mbili zilifikia makubaliano ya mkataba wa miaka 25, kwa kodi isiyopungua pauni 500,000 kwa mwaka.

Wamiliki nao wamebadilika. British Airways iliuza hisa zake mwaka 2005 kwa kampuni ya Tussauds, ambayo mwaka 2007 ilinunuliwa na kuunganishwa na kampuni ya Merlin Entertainments. Majina ya wadhamini yamekuja na kuondoka: kampuni ya umeme, kampuni ya soda, kisha kampuni ya kuuza safari mtandaoni. Watu hawakuyajali sana. Waliendelea kuliita Jicho.

Kibali kilichokuwepo kilikuwa kimalizike mwaka 2028. Mwaka 2024, Halmashauri ya Lambeth iliamua kuondoa ukomo huo na kuliruhusu libaki moja kwa moja. Hivyo ndivyo mradi uliokosa ushindi katika shindano, ukapewa miaka mitano kwa majaribio na kunusurika notisi ya mwenye ardhi, ulivyopata haki ya kudumu.

Urefu hauna mwisho

Wakati lilipofunguliwa, Jicho la London lilikuwa gurudumu refu kuliko yote duniani. Sifa hiyo haikudumu. Mwaka 2006 China ilijenga la mita 160 jijini Nanchang. Mwaka 2008 Singapore ikaja na la mita 165, na mwaka 2014 Las Vegas, Marekani, ikalipita kwa mita mbili na ushei.

Kisha Dubai, jiji linalofahamika vizuri kwa wafanyabiashara na wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki, ikawaacha wote mbali. Gurudumu la Ain Dubai, lililofunguliwa Oktoba 2021 katika kisiwa cha Bluewaters, lina urefu wa mita 250 na vyumba 48, na linaweza kubeba watu 1,750 kwa mara moja. Jina lake nalo maana yake ni jicho.

Lakini urefu pekee haukutosha. Machi 2022, miezi mitano tu baada ya kufunguliwa, Ain Dubai ilifungwa, na haikuanza tena kubeba abiria hadi Desemba 2024. Katika kipindi hicho chote, gurudumu dogo la London liliendelea na kazi yake kando ya mto.

Sababu haiko mbali. Linasimama mahali ambapo watu hupita kila siku kwenda kazini, na mbele yake kuna jiji lenye mambo ya kutazama. Na katika mkesha wa Mwaka Mpya, fataki hurushwa kutoka hapo huku mamilioni ya macho, pamoja na yale yaliyo mbele ya televisheni Bukoba na Dar es Salaam, yakilitazama.

Lipo pia jambo la usawa. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Katika gurudumu hilo msemo huo hutimia kila nusu saa: kila chumba hufika kileleni, hakuna kinachobaki huko, na waliolipa zaidi ili kuruka foleni hawakai juu muda mrefu kuliko wengine.

Kwa anayepanga kwenda

Mtanzania anayekwenda Uingereza huhitaji viza, na gharama zake pamoja na za ndege ni kubwa kuliko za tiketi ya gurudumu. Hata hivyo, tiketi hiyo nayo si ya bei rahisi, hasa kwa familia. Kuinunua mapema mtandaoni kwa kawaida ni nafuu kuliko kuinunua siku hiyo hiyo, na bei hutofautiana kwa siku na saa.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni hali ya hewa. Mawingu ya London yanaweza kuufanya mzunguko mzima uwe wa kutazama ukungu. Wakati wa likizo za shule na mwisho wa wiki foleni huwa ndefu. Asubuhi za katikati ya wiki huwa na nafasi zaidi. Jioni, kabla ya jua kuzama, msafiri huweza kuliona jiji katika mwanga wa mchana na kisha taa zake zikianza kuwaka.

Asiyekuwa na fedha hizo asidhani amefungiwa mlango. Bustani iliyo juu ya jengo refu la mtaa wa Fenchurch, iitwayo Sky Garden, huingiwa bure kwa aliyeweka nafasi mapema. Vipo pia vilima vya Primrose Hill, Parliament Hill na Greenwich, ambako wakazi wa London hupanda kwa miguu, huketi kwenye nyasi na kulitazama jiji lao bila kulipa hata senti.

Na kutoka kwenye vilima hivyo, miongoni mwa vitu wanavyovitafuta kwanza kwa macho ni lile duara jembamba kando ya mto, ambalo mwanzoni lilitakiwa kuwa limekwishaondolewa.